Nitrati ikizidi katika tangi la matumbawe: chanzo chake na njia za kuipunguza

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa samaki na matumbawe waliotolewa mwambani na kutiwa ndani ya tangi la kioo, methali hiyo si fumbo tena. Lita 100 au 200 za maji ndiyo bahari yao yote. Humo hamna mkondo, hamna bamvu, wala hamna kilindi cha kuchukua taka. Kila kinachoingia hubaki humo hadi mtu akitoe kwa mkono wake.

Miongoni mwa taka zinazojikusanya humo, nitrati ndiyo inayowatatiza wafugaji wengi kwa muda mrefu zaidi. Haina rangi wala harufu. Samaki huendelea kuogelea kana kwamba hakuna kilichobadilika, ilhali matumbawe yanageuka rangi ya kahawia, yanaacha kukua na hatimaye kufunikwa na majani ya kijani yanayoota juu ya mawe na vioo. Mfugaji anapogundua hali hiyo, aghalabu huwa nitrati imejikusanya kwa miezi.

Mkazi wa Timbwani, katika eneo la Likoni kusini mwa kisiwa cha Mombasa, aweza kudhani kwamba shida hii ni ya watu wa Ulaya na Marekani wanaotengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya pakiti. Yeye ana Bahari Hindi mlangoni pake. Akitaka maji mapya, huchukua ndoo. Hata hivyo, kama itakavyoelezwa hapa chini, ndoo hiyo yaweza kuwa dawa au ikawa ndiyo chanzo chenyewe cha maradhi, kulingana na mahali na saa ilipojazwa.

Suala hili si la watu wanaofuga samaki kwa kujifurahisha pekee. Kenya ni miongoni mwa nchi za magharibi mwa Bahari Hindi ambazo kwa miongo kadhaa zimekuwa zikiuza samaki hai wa mapambo katika nchi za ng'ambo. Wapiga mbizi wa Pwani huwakamata mwambani, na samaki hao huhifadhiwa katika matangi kwa siku au majuma kabla ya kusafirishwa kwa ndege. Kila kitatange anayefia tangini kwa sababu ya maji mabovu ni samaki aliyeondolewa mwambani bure, na ni jasho la mpiga mbizi lililopotea.

Nitrati hutoka wapi

Nitrati ni mwisho wa safari ndefu ya naitrojeni. Chakula cha samaki kina protini, na protini ina naitrojeni. Samaki anapokula, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hutoka mwilini mwake kupitia matamvua ikiwa amonia. Chakula kisicholiwa, kinyesi na viumbe waliokufa huoza na kutoa amonia hiyo hiyo.

Amonia ni sumu kali. Kwa bahati njema, bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na vichujio huigeuza kuwa nitriti, nayo nitriti ikageuzwa na bakteria wengine kuwa nitrati. Bakteria wa hatua hizi mbili wanahitaji oksijeni, na tangi lenye mawe na mzunguko mzuri wa maji huwapa ya kutosha. Ndiyo maana kazi yao hukamilika haraka.

Hatua ya tatu ndiyo yenye ugumu. Ili nitrati iondoke, yahitajika bakteria wa aina nyingine, wanaofanya kazi mahali pasipo na oksijeni. Hao huiondolea nitrati oksijeni yake na kuacha gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda hewani bila kumdhuru yeyote. Baharini mahali pa namna hiyo pamejaa tele, ndani ya mchanga mzito na katika vitundu vya miamba. Ndani ya tangi ni haba, na kwa hivyo hatua mbili za kwanza huzalisha kuliko hatua ya tatu iwezavyo kuondoa. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukubwa wa mzigo huo waweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chakula kikavu ambacho nusu yake ni protini kina takriban asilimia 8 ya naitrojeni. Gramu moja ya chakula hicho, ikigeuka yote, hutoa takriban miligramu 350 za nitrati. Katika tangi la lita 100, hiyo ni nyongeza ya miligramu 3.5 kwa kila lita. Mwenye kutia gramu mbili kwa juma ameongeza miligramu 7 kwa lita kila juma, hata kama maji yake yanang'aa kama kioo.

Kupima na kusoma vipimo

Katika bahari ya kitropiki iliyo mbali na mito na miji, nitrati huwa chini ya miligramu moja kwa lita. Matumbawe yamezoea umaskini huo. Katika tangi, wafugaji wengi wenye uzoefu huridhika na kiwango kati ya miligramu 2 na 10. Kikizidi 20, matumbawe mengi huanza kuonyesha dalili. Tangi la samaki pekee huweza kuvumilia hadi 40, lakini kaa, kamba na konokono huathirika mapema kuliko samaki.

Vipimo vya matone na rangi vinavyotumiwa nyumbani vinatosha, mradi visomwe kwa uangalifu. Kwanza, chupa ya dawa ya kupimia itikiswe vizuri, kwani unga ulio ndani yake hutuama na kutoa jibu la uongo lililo chini ya ukweli. Pili, vipimo vingine huonyesha nitrati yenyewe ilhali vingine huonyesha naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Jibu la aina hii ya pili lazima lizidishwe mara 4.4 ndipo lilinganishwe na viwango vilivyotajwa hapo juu. Mtu asomaye 5 akadhani yuko salama huenda kwa hakika ana 22. Tatu, nitriti ikiwamo majini huweza kupandisha jibu la nitrati, kwa hivyo tangi jipya lisihukumiwe kwa kipimo kimoja.

Siri ya kipimo ni mfululizo wake. Kipimo cha juma moja husema kidogo. Vipimo vya majuma sita vilivyoandikwa daftarini husema kama nitrati inapanda, imesimama au inashuka.

Kuziba chanzo kwanza

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kabla ya kununua kifaa chochote, mfugaji yampasa kuchunguza mambo manne.

La kwanza ni chakula. Samaki wapewe kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe na kusuuzwa katika chujio kabla ya kutiwa tangini, na maji yake ya damu yamwagwe. Wasafirishaji wa samaki huwafungisha samaki kula kwa siku moja au mbili kabla ya kuwatia katika mifuko, ili wasichafue yale maji machache ya safarini. Desturi hiyo ni ushahidi kwamba uchafu wa maji huanzia mdomoni mwa samaki.

La pili ni idadi ya samaki. Tangi linaloonekana lina nafasi machoni pa mwenyewe huenda limejaa kwa hesabu ya taka. Samaki mkubwa mmoja hula na kutoa taka kuliko wadogo kadhaa.

La tatu ni vichujio. Sifongo na pamba za kuchujia hunasa uchafu, lakini uchafu ulionaswa bado umo majini. Usipoondolewa, huoza pale pale na kuwa kiwanda cha nitrati. Pamba ibadilishwe au ifuliwe kila siku mbili au tatu, na sifongo isafishwe kila juma kwa maji yaliyotolewa tangini. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria wenye manufaa.

La nne ni mizoga na mashapo. Konokono aliyefia nyuma ya jiwe, au matope yaliyotuama chini ya mawe na ndani ya tangi la pampu, yaweza kupandisha nitrati kwa majuma bila mwenyewe kujua. Matope hayo yavutwe kwa mpira siku ya kubadilisha maji.

Maji ya kujazia

Maji yanayoingia tangini ni ya namna mbili: ya bahari, kwa ajili ya kubadilisha, na yasiyo na chumvi, kwa ajili ya kufidia yanayokauka. Yote mawili yapimwe nitrati kabla ya kutumiwa.

Anayechota maji ya bahari katika pwani ya Likoni aangalie saa. Wakati wa bamvu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Maji yanapojaa, bahari ya nje huingia juu ya mwamba na kufika ufukweni ikiwa safi zaidi. Yanapokupwa, yale yanayobaki karibu na ufuo huwa yamechanganyika na maji yanayovuja kutoka nchi kavu. Ardhi ya ukanda huu ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu mengi, na maji ya chini ya ardhi hupenya humo kwa wepesi hadi baharini. Sehemu kubwa ya Likoni haijaunganishwa na mabomba ya majitaka na hutegemea vyoo vya shimo. Nitrati, kwa kuwa huyeyuka kabisa majini, husafiri pamoja na maji hayo.

Kwa sababu hiyo, wakati bora wa kuchota ni maji yakiwa yamejaa au yakikaribia kujaa, mahali panapotazama bahari kuu, mbali na mlango wa Kilindini unaopitiwa na meli na feri. Baada ya mvua kubwa za masika au vuli, ni busara kungoja siku kadhaa, kwa vile mafuriko huteremsha taka na kupunguza chumvi. Mitungi iwe ya plastiki iliyokuwa ya chakula, si ya dawa wala mafuta. Maji yachujwe kwa kitambaa safi, yaachwe yatuame gizani, kisha yatiwe hewa na kupimwa chumvi. Kiwango kinachotakiwa ni takriban gramu 35 kwa kila lita.

Maji ya kufidia yanayokauka yanahitaji uangalifu zaidi, kwani maji hukauka na nitrati iliyokuja nayo hubaki. Maji ya kisima yaliyo na nitrati, yakitiwa kila siku, huongeza mzigo kimyakimya. Maji ya mvua huwa na nitrati kidogo, lakini yakipitia paa la mabati huweza kubeba zinki, ambayo huwadhuru kamba na matumbawe. Yanayofaa zaidi ni maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, ambayo siku hizi huuzwa katika vituo vingi vya maji mjini, mradi yathibitishwe kwa kipimo kwamba mtambo wenyewe ungali unafanya kazi yake.

Hesabu ya kubadilisha maji

Kubadilisha maji ndiyo njia ya kale na ya hakika zaidi. Tangi la lita 100 lenye nitrati miligramu 40 kwa lita lina gramu 4 za nitrati kwa jumla. Ukitoa lita 30 na kutia lita 30 zisizo na nitrati, kiwango hushuka hadi 28. Ukirudia mara ya pili kitakuwa 19.6, mara ya tatu 13.7 na mara ya nne 9.6.

Hesabu hiyo ni tamu lakini ina masharti mawili. La kwanza ni usafi wa maji mapya. Kama maji yaliyochotwa yana miligramu 10, badiliko la kwanza litakufikisha 31 badala ya 28, na hata ukibadilisha mwaka mzima hutashuka chini ya 10.

Sharti la pili ni uzalishaji unaoendelea. Tuseme tangi hilo linapata miligramu 7 kila juma kutokana na zile gramu mbili za chakula. Mwenye kubadilisha asilimia 30 kila juma kwa maji safi kabisa atashuka hadi karibu na 16 baada ya kila badiliko, kisha atakwama hapo. Atatoka jasho kila Jumamosi na kipimo hakitasonga. Akipunguza chakula kwa nusu huku akiendelea kubadilisha kiasi kile kile, kipimo kitashuka hadi karibu na 8. Ndoo ni zile zile. Tofauti imeletwa na kijiko cha chakula.

Inapasa pia kukumbuka kwamba viumbe waliokwisha kuzoea nitrati nyingi huumia maji yao yakibadilika ghafla. Asilimia 20 hadi 30 kwa juma yatosha. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na yaliyomo.

Mwani kama mfanyakazi

Mwani hula nitrati ili ukue. Wanawake wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale, ambao hulima mwani kwenye kamba katika maji ya kina kifupi, wanavuna naitrojeni ya bahari kila wanapovuna zao lao. Mfugaji aweza kutumia kanuni hiyo kwa kutenga chumba kidogo kando ya tangi kubwa, maji yakizunguka kati ya viwili hivyo, na kuotesha humo mwani chini ya taa.

Taa hiyo huwashwa usiku, taa za tangi kubwa zinapozimwa. Hivyo mwani huendelea kutoa oksijeni wakati matumbawe yamelala, na hali ya maji haiyumbi. Jambo la lazima ni kuvuna. Mwani usiovunwa hufa, huoza na kurudisha majini kila ulichokula. Theluthi moja ikatwe kila juma moja au mawili na kutolewa kabisa. Yafaa kuwa mbolea ya bustani baada ya kusuuzwa chumvi.

Mtaalamu wa Marekani, Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, alijenga juu ya wazo hili katika miaka ya 1980 kwa kutumia zulia la mwani mfupi uliomwagiwa maji chini ya taa kali. Kuna onyo pia. Mwani wa aina ya Caulerpa taxifolia, uliokuwa ukifugwa matangini, ulionekana mwaka wa 1984 katika bahari ya Monaco, kisha ukasambaa katika maeneo makubwa ya Mediterania. Mwani, maji au viumbe kutoka tangini, hasa vilivyoagizwa kutoka nje, visimwagwe baharini kamwe.

Mawe, mchanga na povu

Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza mwaka wa 1961 jinsi alivyofuga viumbe vya mwambani kwa kutumia mawe hai, bahari safi na hewa tu. Siri yake ilikuwa vitundu vya mawe hayo. Nje ya jiwe bakteria wenye kuhitaji oksijeni hugeuza amonia. Ndani yake, ambamo oksijeni haifiki, wenzao huimaliza nitrati. Baadaye Profesa Jean Jaubert alipata matokeo kama hayo nchini Ufaransa na Monaco kwa tabaka la mchanga lililowekwa juu ya nafasi ya maji.

Mchanga mwembamba wenye kina cha sentimita 10 au zaidi waweza kufanya kazi hiyo, lakini haupaswi kuvurugwa. Sehemu zake za chini huweza kukusanya gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu. Anayeamua kuondoa mchanga mzito wa zamani afanye hivyo kidogo kidogo.

Mawe yasichukuliwe mwambani kiholela. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama vile ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka wa 1986 na ya Kisite, ni marufuku kuchukua chochote. Mawe makavu yenye vitundu, yakikaa tangini miezi kadhaa, huingiwa na bakteria na kufanya kazi ile ile.

Njia nyingine ni kukamua povu. Wakati wa kusi, mawimbi yakipiga kwa nguvu, ufuo huonekana umejaa povu zito la rangi ya maziwa machafu. Hizo ni protini na mabaki mengine yaliyong'ang'ania viputo vya hewa. Chombo cha kukamua povu huiga kazi hiyo: husukuma viputo vidogo sana ndani ya mnara wa maji, na povu chafu hufurikia katika kikombe kinachomwagwa. Hakiondoi nitrati yenyewe. Huondoa mabaki kabla hayajaoza na kuwa nitrati, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Siki: dawa yenye makali

Wapo wanaotia siki nyeupe, sukari au pombe kali isiyo na rangi ndani ya tangi. Jambo hili huonekana kama mzaha, lakini lina mantiki. Bakteria wanahitaji kaboni ili wazaane. Tangini naitrojeni ni nyingi na kaboni rahisi ni chache; ukiongeza kaboni, bakteria huzaana, hutwaa nitrati na fosfati katika miili yao, kisha hukamuliwa pamoja na povu.

Kwa siki ya kawaida ya asilimia 5, isiyotiwa rangi wala viungo, huanzwa na takriban mililita moja kwa siku katika lita 100 za maji. Kiasi huongezwa kidogo kidogo kila juma huku vipimo vikiandikwa. Nitrati ikianza kushuka, nyongeza husimamishwa.

Makali ya njia hii yako katika oksijeni. Bakteria wakizaana kupita kiasi, maji hupiga weupe kama tui na samaki hupanda juu wakitweta. Hatari huwa kubwa zaidi umeme ukikatika usiku, pampu na chombo cha povu vikasimama. Asiye na chombo cha kukamua povu, au asiye na pampu ya hewa ya betri ya akiba, asiijaribu. Na yeyote atakayeona maji yameingia weupe aache siki mara moja, aongeze hewa na kubadilisha sehemu ya maji.

Isipunguzwe hadi sifuri

Kosa la mwisho ni kudhani kwamba sifuri ndiyo ushindi. Ndani ya nyama ya matumbawe huishi vijimea vidogo vinavyoyalisha kwa nguvu za jua. Vijimea hivyo vinahitaji naitrojeni na fosfati kwa kiasi. Vikinyimwa, matumbawe hupauka na kudhoofu, na mara nyingine utelezi wa kahawia hutanda juu ya mchanga na mawe.

Uwiano una uzito wake pia. Watafiti wakiongozwa na Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha mwaka wa 2012 kwamba matumbawe yaliyopata nitrati nyingi huku fosfati ikiwa haba yalikuwa mepesi zaidi kupauka yanapopatwa na joto na mwanga mkali. Kwa hivyo fosfati ipimwe sambamba na nitrati, na dawa za kuiondoa zisitumiwe ovyo.

Kwa muhtasari, juma la kwanza liwe la kupima tangi, maji ya bahari na maji ya kufidia, na kusafisha vichujio. Juma la pili, chakula kipunguzwe na mabadiliko ya maji yaanze. Mwezi wa pili, mwani au chombo cha povu kiongezwe ikiwa kipimo kimekwama. Siki ije mwisho, kama itahitajika kabisa.

Kutoka tangini hadi kisimani

Yanayotokea ndani ya kioo hutokea pia nje yake. Katika ghuba ya Kaneohe, kisiwani Oahu, Hawaii, majitaka yalimwagwa kwa miaka mingi hadi mwani wa kijani ukayafunika matumbawe. Mabomba hayo yalielekezwa kwingine mwaka wa 1977 na 1978, na katika miaka iliyofuata maji yakatakata na mwani ukapungua. Hapakuwa na chujio wala dawa ya kutosha ghuba nzima. Kilichosaidia ni kuziba chanzo.

Kwa familia za Timbwani na maeneo jirani zinazotumia visima, jambo hili lina uzito kuliko tangi lolote. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita katika maji ya kunywa. Maji yanayozidi kiwango hicho ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya chupa, kwani huweza kuzuia damu yao isibebe oksijeni ipasavyo, na mtoto akageuka rangi ya samawati midomoni na vidoleni. Kuyachemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati. Kinyume chake, kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo nitrati inavyokolea. Klorini nayo haiiondoi.

Mwenye vipimo vya tangi hapotezi kitu akipima na maji ya kisima cha nyumbani kwake, akitumia kifaa kinachofaa pia kwa maji yasiyo na chumvi. Kipimo hicho si hukumu ya maabara, lakini ni kengele ya kutosha. Kikikaribia 50, maji hayo yasitumiwe kwa mtoto mchanga hadi yatakapopimwa na maabara ya maji, na mtoto atafutiwe maji kutoka kwingine.